Honi Tatu Juu ya Daraja la Lukuga

Asubuhi ile basi letu liliwaka kwa ufunguo wa kwanza, bila kusukumwa, nami nikajua siku imeanza vizuri. Nilisimama mlangoni, mfuko wa nauli kiunoni, kitenge kipya nimekikaza, moyo unanidunda kama wa bibi harusi. Aristide, shofa wetu, alinitazama kwenye kioo akacheka.

"Mama Yvette, leo umevaa ya sikukuu."

"Leo njo sikukuu," nikamjibu. "Kanyaga mafuta, acha kuniangalia."

Ilikuwa Jumamosi ya meli. Mapendano, ile meli inayopanda Uvira na kuvuka Kigoma, ilikuwa iondoke bandari ya Kalemie saa nne, na sisi tulikuwa tumewaahidi watu jambo ambalo vijana wa mji huu hawajapata kuliona: panda basi ng'ambo ya mto Lukuga, kwenye barabara ya uwanja wa ndege, ushuke bandarini mbele ya ngazi ya meli. Hakuna kubadilisha pikipiki. Hakuna kubishana na wapagazi langoni. Unatoka kwenye kiti cha basi unaingia melini, na gunia lako linakufuata.

Basi hilo si la serikali wala la tajiri. Ni letu sisi wanawake wa likelemba ya soko la Kataki, tuliochanga kwa zamu mpaka tukalinunua, likaja kwa treni limefunikwa turubai, tukalipokea kwa nyimbo. Baadaye nyimbo zikaisha. Tulilipeleka sokoni, tukalipeleka Katanika, tukalipeleka kila penye barabara na pengine pasipo na barabara, na kila jioni lilikuwa limekunywa mafuta kuliko lilivyotuletea. Wenzangu wakachoka. Ndipo akaja Papa Firmin kutoka Kongolo, mtu mnene mwenye adabu nyingi, akasema yuko tayari kulichukua likafanye kazi kwao. Mama Fatouma, mkubwa wa likelemba yetu, akanipa Jumamosi moja tu.

"Yvette, weye njo ulisema bandari," aliniambia mbele ya wote. "Haya, tuonyeshe bandari. Bantu wakikosa meli sababu ya bisi yetu, hakuna muntu atapanda tena, na Papa Firmin anaondoka nayo Jumatatu."

Mama Fatouma harudii neno. Kwao ni biashara ya ziwa tangu babu zake waliokuja kutoka upande wa Ujiji, na watu wa kwao wakisema Jumatatu wana maana ya Jumatatu. Mimi ni wa kaskazini, wazazi wangu walishuka na ufuko kutoka upande wa Fizi wakifuata samaki, na kwetu sisi jambo halijaisha mpaka tumelipigia kelele. Nilipiga kelele sana siku hiyo. Haikusaidia.

Lakini bandari niliisema mimi kweli, na sikuiokota njiani. Mama yangu mzazi alikuwa akinisimulia jinsi alivyoukuta mji huu alipofika na tenga la samaki kichwani. Treni ilikuja mpaka kwenye gati, magurudumu karibu na maji. Meli ilifunga kamba hapo hapo. Na katikati yao kulikuwa na basi dogo la mji lililokuwa linawapokea wa treni na wa meli, likiwapandisha vilimani mpaka majumbani. Treni ilingoja meli, meli ilingoja treni, basi liliwangoja wote wawili. Mama alikuwa akisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesimulia chakula alichowahi kula.

Basi ndilo lililokufa kwanza, maana basi hufa bila kuliliwa. Meli ikizama dunia nzima inasikia. Basi likikosa kipuri linasimama nyuma ya gereji na majani yanaota ndani. Watu wakatembea. Halafu wakaja vijana wa baiskeli, wakafunga magunia nyuma, wakasukuma vilimani huku wanatukana. Halafu taksi-moto, pikipiki za kubeba abiria, na watu wa moto wakawacheka watu wa baiskeli kama kwamba wao watadumu milele. Kila mmoja wao aliishia langoni pa bandari. Kutoka langoni mpaka kwenye ngazi ya meli ulibaki mwendo wa miguu, jua au mvua, na mimi nimeutembea mwendo huo na mtoto mgongoni na gunia kichwani, nikiulaani kila hatua. Nilipoona tuna basi, nikaona jibu. Tulikwenda na kurudi katika ofisi ya bandari mpaka mlinzi akajua majina ya watoto wetu, na mwishowe wakakubali: siku ya meli, lango litafunguliwa kwa basi.

Kilibaki kitu kimoja. Nilimfuata kapiteni wa Mapendano, Kapiteni Rachidi, mtu mrefu aliyenyooka, aliyefanya kazi miaka mingi upande wa Kigoma akarudi na mambo ya kuheshimu saa. Nikamwuliza kama meli inaweza kutungoja kidogo tukichelewa njiani.

"Mama, meli haingojeake motokari," alisema. "Mukifika, mumefika."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana nilikasirika zaidi.

Kuna jambo lingine la kusema kabla hatujaondoka, nalo ni honi. Basi lilikuja likiwa bubu. Aristide, ambaye kabla ya kuwa shofa alikuwa fundi wa mashine kwenye meli za ziwa, alikwenda ufukoni Kituku walikokuwa wanakatakata meli kuukuu, akarudi na honi yake begani, akaifunga juu ya kichwa cha basi. Siku ya kwanza alipoijaribu, mbuzi wa mtaa mzima walikimbia na mama mmoja akamwaga sufuria ya maharage. Sauti yenyewe nzito, inakuingia tumboni kabla ya masikioni. Tangu hapo Aristide aliilinda. Aliigusa mara moja tu kila kituo, kidogo, kwa kidole, na akatukataza sisi wengine kuisogelea. Mimi nilidhani ni wivu wa fundi na kitu chake.

Basi, tukaondoka.

Na watu walikuwepo! Kituo cha kwanza walikuwa wamejipanga na makopo ya mafuta ya mawese, magunia ya unga wa muhogo, masanduku ya kusafiria, kuku wamefungwa miguu. Nilikuwa nimeogopa kukuta barabara tupu na sasa nilikuwa nagombana nao wasisukumane. Kituo cha pili vilevile. Mama Fatouma mwenyewe alipanda na mabelo yake, marobota makubwa ya vitenge, amevaa buibui jeusi na miwani ya jua, hakunisifu, lakini nilimwona anageuka kuhesabu viti vilivyobaki kwa macho. Wamama wa kanisa letu walianzisha wimbo, wenzetu Waislamu wakapiga makofi, na mzee mmoja aliyekuwa anakwenda kumwona binti yake Kigoma akaomba nimpe kiti cha dirishani kwa sababu anataka watu wa Lukuga wamwone anavyopita. Nilimpa. Nilitaka kuwapa wote viti vya dirishani.

Papa Firmin alikuwemo pia. Alikuwa amekaa mbele kabisa, karibu na Aristide, akigonga bati la basi kwa vidole kama mtu anayechagua chungu sokoni.

"Sauti mzuri," alikuwa akisema. "Mzuri kabisa. Kule kwetu tutaipiga rangi ya kijani."

"Papa, bado haijakuwa yako," nikamwambia.

"Najua, Mama. Niko naangalia tu."

Nilimgeuzia mgongo. Tulikuwa na muda, basi limejaa, injini inaimba, ziwa limeanza kuonekana kati ya nyumba, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki kuwa nayo tangu mtoto wangu wa kwanza apate diploma. Nilijiona nimelirudisha basi la mama yangu.

Tukaingia darajani, na Aristide akakanyaga breki.

Katikati ya daraja, pale pembamba, kulikuwa na kamyo ya makala, lori zima la makaa ya kupikia. Haikuwa imepita wala haikuwa na nia ya kupita. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelala upande, mzigo umeinama, na dereva wake alikuwa amekaa kwenye bampa anakula muhindi wa kuchoma. Upande uliobaki ulitosha pikipiki. Zilikuwa zinapita moja moja, na vijana wote wa moto wa Kalemie wananijua kwa jina.

"Mama Yvette! Tukusalimie kapiteni?"

"Mama Yvette, shuka nikubebe, miye sina deni na meli!"

Nilishuka nikamwendea yule dereva wa kamyo. Nikamwuliza anangoja nini. Akasema anangoja fundi. Nikamwuliza fundi yuko wapi. Akatafuna kwanza, akasema fundi anamngoja mtu mwenye jeki. Kutoka hapo darajani, kwa mkono wa ziwa, unaiona bandari yote: winchi, mabohari, na Mapendano nyeupe imekaa majini. Moshi ulikuwa umeanza kutoka kwenye bomba lake. Honi yake ikalia mara moja, ndefu.

Jamani. Tangu nizaliwe sijawahi kuona meli ya Kalemie ikiondoka kwa saa yake. Nimewahi kulala bandarini kungoja meli, nimewahi kupika bandarini, dada yangu nusura azae bandarini. Siku hiyo moja, siku yangu, meli iliamua kuheshimu saa.

Nilirudi ndani ya basi. Wimbo ulikuwa umekatika. Kijana mmoja mwenye begi la mgongoni alisimama akasema yeye anashuka achukue moto, na mara wanne wengine wakasimama nyuma yake. Nikajua akishuka huyo, wanashuka wote, na hakuna atakayesahau. Nikajiweka mlangoni kwa mwili wangu wote.

"Kaeni! Tutafika!"

"Na kamyo?" akauliza yule kijana. "Tutairuka?"

Mama Fatouma alivua miwani yake, akanitazama, akairudisha. Papa Firmin akatazama saa ya mkononi, kisha akatazama daraja, kwa huruma ya mtu ambaye jambo linamwendea vizuri.

"Hata kwetu Kongolo iko daraja," akaniambia. "Bisi itazoea."

Honi ya meli ikalia mara ya pili. Niliona mabaharia wadogo kama sisimizi wanakusanya kamba. Na nikamwona yule dereva wa kamyo anageuza muhindi wake aanze upande wa pili.

Hasira yangu haiji polepole. Nilimwinamia Aristide begani, nikainyosha mikono yote miwili, nikaibonyeza ile honi kwa nguvu zote. Sauti ikatoka, daraja likatetemeka, dereva wa kamyo akaruka. Sikuacha. Niliiachia tu kuvuta pumzi, nikabonyeza tena, ndefu. Nikavuta pumzi. Nikabonyeza mara ya tatu, na hiyo ya tatu niliitoa kwa ajili ya kila gunia nililobeba kutoka lango lile.

Aristide alinishika vifundo vya mikono.

"Mama! Umeita!"

"Nimeita nani? Nimempigia huyu mujinga wa muhindi!"

"Hapana, Mama. Tatu ndefu, ku ziwa, ile njo bantu wanazama. Njo kuita musaada. Hii ni honi ya meli, Mama Yvette! Njo maana nilikatalia bantu kuigusa!"

Kabla sijamjibu, kutoka bandarini, juu ya maji, ikaja sauti. Ndefu. Halafu tena, ndefu. Halafu ya tatu.

Basi zima likageukia madirisha ya upande wa ziwa.

"Wameitika," Aristide akanong'ona. Halafu akatuambia, kwa sauti ya mtu aliyekaa kanisani, kwamba kapiteni yeyote wa ziwa hili akisikia honi ile hawezi kuondoka mpaka amemwona kwa macho yake yule aliyeita. Akiwa adui yake, hata akiwa amemwibia mke, anangoja. Wamelelewa hivyo. Kapiteni Rachidi atakuwa anatafuta meli inayozama kwenye mdomo wa Lukuga, na kamba hazitafunguliwa.

Ningependa kusema niliona aibu hapo hapo. Hapana. Niliruka. Niliruka juu na kichwa kikagonga paa.

"Meli imesimama!" nikapiga kelele. "Imesimama! Shukeni, shukeni wote, tusukume!"

Wakamwagika. Sijapata kuona watu wakishuka kwenye basi vile. Wanawake waliobeba magunia maisha yao yote waliivaa ile kamyo kwa mabega, vitenge wamevikunja juu, wengine wakatoa magunia ya makala juu wakayapanga pembeni kupunguza mzigo, na yule mzee wa Kigoma akawa anatuhesabia, moja, mbili, na ya tatu tunasukuma. Mama Fatouma alifunga ncha za buibui lake kiunoni akaja akasimama kando yangu. Yule kijana wa begi alikuwa chini ya gurudumu na jiwe. Na Papa Firmin, maskini, alivumilia kadiri alivyoweza, lakini mtu wa adabu hawezi kukaa kitini huku mama zake wanasukuma gari. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliacha kitini, akaja. Alikuwa na nguvu za ng'ombe. Kamyo ikalia, ikaburuta gurudumu lake bovu, ikasogea mpaka mwisho wa daraja ikaegemea ukingo wa barabara. Dereva wake alikuwa akitufuata nyuma anatushukuru, mdomo umejaa.

Tukapanda tena tukiwa weusi wote kwa makala. Aristide akaondoa basi kabla sijafunga mlango. Watu walikuwa wanacheka na kupiga makofi kwenye migongo ya viti, na mimi nilikuwa ninaning'inia mlangoni nikiwapungia watu wa moto tuliokuwa tunawapita. Tulikuwa tunawapita!

Kisha barabara ikashuka karibu na ufuko, nikaona mitumbwi.

Wavuvi waliokuwa wanakausha nyavu zao walikuwa wanasukuma mitumbwi majini. Wengine walikuwa wamekwisha kuingia, wanapiga kasia kwa nguvu kuelekea mdomo wa Lukuga, wamesimama, wanatafuta vichwa vya watu juu ya maji. Wanawake walikuwa wanakimbia ufukoni, mmoja ameshika kichwa. Nilisikia anauliza ni mitumbwi ya wapi iliyozama, ni ya nani.

Hapo ndipo aibu ilipofika, na ilifika yote kwa pamoja. Aristide alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Hakuna anayezama! Ilikuwa siye! Ni bisi! Rudini!"

Mvuvi mmoja alitutazama, akatazama honi iliyofungwa juu ya kichwa cha basi, akaelewa. Alilosema juu ya mama yangu siwezi kuliandika. Mama yule wa ufukoni alikaa chini mchangani akaanza kulia, sasa kwa sababu hakuna aliyekufa. Ndani ya basi hakuna aliyecheka tena.

Lango la bandari lilikuwa wazi. Basi likapita reli, likapita mabohari, likasimama kwenye gati mbele ya ngazi ya Mapendano, pale pale ambapo mama yangu alisema basi lilikuwa linasimama. Nilikuwa nimeota mara nyingi tukifika hapo, na katika ndoto zangu watu walikuwa wanashangilia. Mabaharia walikuwa wamesimama sitahani wamevaa makoti ya kuelea, mtumbwi mdogo wa meli umekwisha shushwa nusu kwa kamba, na wote walikuwa wanatutazama. Kapiteni Rachidi alikuwa juu na darubini, bado ameielekeza Lukuga. Baharia mmoja akamgusa bega, akatuonyesha kwa kidole.

Kapiteni akashuka ngazi.

"Nani aliita?"

Aristide akateremka upesi. "Miye njo shofa, Kapiteni. Klakso, hii honi, ni yangu."

Nikamsukuma kando. "Klakso ni yake, mukono ni wangu."

Kapiteni akanigeukia. Nilingoja kelele, kwa sababu kelele ninaziweza.

"Mara ya mwisho niliisikia ile sauti tulikuwa chini ya Moba," akasema. "Tuligeuza upesi vile tuliweza. Tulikuta bidoni za mafuta zinaelea. Bidoni na sandali ya mutoto." Akainua mikono yake mbele yangu. Ilikuwa inatetemeka, mikono ya mtu mrefu aliyenyooka. "Angalia. Tangu uliita, haijatulia."

Nilitazama mikono ile nikatamani angenipiga kofi.

"Sikujua, Kapiteni," nikasema. "Ningejua nisingeigusa. Nilikuwa nimekasirikia kamyo." Mtu mmoja nyuma yangu alianza kucheka akajizuia. "Unisamehe. Na kama hutanisamehe, unichukie miye peke yangu. Hawa bantu tuliwaambia watafika. Usiwaache."

Kapiteni akawatazama. Walikuwa wameshuka wote, wamejipanga kando ya basi na mizigo yao, nyuso nyeusi kwa makala, mzee wa Kigoma mbele na kofia mkononi. Aliwatazama wa kwanza mpaka wa mwisho. Kisha akaliambia neno moja lile kundi la mabaharia, na ngazi ikafunguliwa.

Wakapanda. Nilisimama mlangoni pa basi nikiwashikia mizigo mpaka wa mwisho, na sikuimba.

"Ile honi inatoka leo," Kapiteni akamwambia Aristide.

"Inatoka leo, Kapiteni."

Ningenyamaza hapo. Mtu yeyote mwenye akili angenyamaza hapo.

"Na Jumamosi ingine," nikasema, "kamyo ikikwama tena?"

Kapiteni aligeuka polepole. "Mama, unaomba musamaha ao unabishana?"

"Vyote viwili, Kapiteni. Siwezi kufanya kimoja."

Safari hii mabaharia walicheka wazi. Yeye hakucheka. Alipanda ngazi, mgongo umenyooka, nikajua nimeharibu na kile kidogo kilichokuwa kimebaki. Mama Fatouma alikuwa wa mwisho kupanda. Alisimama kwenye ngazi, akanitazama chini.

"Bisi imefika, Yvette," akasema. "Lakini haikufika kwa miguu yake, imefika kwa kuogopesha bantu. Hiyo si barabara ya kila Jumamosi."

Alikuwa na haki, nami nilijua ana haki. Papa Firmin alikuwa amekaa kwenye kidato cha basi, anajaribu kufuta grisi mikononi kwa kitambaa chake cheupe. Aliniambia pole, na nadhani alimaanisha. Akaniuliza kama basi lina turubai lake bado, kwa ajili ya treni. Nikamwambia liko chini ya kiti cha nyuma. Nilianza kufungua mfuko wa nauli kiunoni, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini kingine.

Honi ya meli ikalia, ya kuondoka. Lakini kamba haikufunguliwa. Baharia kijana alikuwa anateremka ngazi mbio, anashika kofia yake.

"Mama wa bisi! Kapiteni anasema hivi." Akanyosha kipande cha pakiti ya sigara kilichoandikwa namba. "Hiyi ni simu yake. Ukikwama darajani, piga simu, usiguse honi. Na kila Jumamosi, mbele bisi haijaondoka, umwambie umebeba bantu wangapi. Anasema akijua wangapi, atajua anangoja nani."

Nilikitazama kile kipande. Tarakimu zilikuwa zimepinda, za mkono uliokuwa bado unatetemeka.

Juu ya sitaha Mama Fatouma alikuwa ameinama kwenye ukingo. Alikuwa amesikia kila neno, maana sauti ya baharia ilikuwa ya kusikika mpaka Kigoma. Aliangalia nyuma yangu.

"Papa Firmin!" akaita. "Treni yako ya Jumatatu inaondoka mapema. Usichelewe, itakuacha. Na turubai yetu uliache pale liko."

Nikaanza kulia hapo gatini, mbele ya wapagazi na watu wa ofisi, na machozi yakachora njia kwenye makala usoni. Baharia alikuwa bado amesimama anangoja, anabadilisha mguu.

"Mama, nimwambie nini? Jumamosi wangapi?"

"Mwambie bisi nzima," nikasema. "Akiona kiti kimoja kitupu, asitungoje."

Akapanda mbio. Ngazi ikavutwa, kamba zikaachiwa, na Mapendano ikaondoka Kalemie imechelewa. Mabaharia walikuwa wanalaumiana sitahani, abiria wanauliza kuna nini, na mtu mmoja wa bandari karibu yangu akaguna kwamba meli hizi haziwezi hata siku moja kuheshimu saa. Nikamwambia funga mdomo, Papa, leo ilikuwa inatungoja sisi.